FILAMU FUPI ZA MAPISHI NA AFYA YA VIJANA: KAZI YA CHAMA CHA MSINGI

Chama cha ushirika hakiundwi kwa ajili ya kupima mazao na kugawa malipo tu. Miongoni mwa kanuni saba za ushirika zinazofuatwa duniani, ya tano inahusu elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Makatibu wengi huielewa kanuni hiyo kuwa ni semina za hesabu na kilimo bora. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni finyu. Kijana anayelima maharage na mboga, akauza vyote, kisha akashinda kwa chipsi na soda, amekosa elimu ambayo chama chake kinaweza kumpa kwa gharama ndogo. Njia mojawapo ya kumpa elimu hiyo ni filamu fupi za mapishi zinazorekodiwa na kutazamwa kwa simu. Makala haya yanaeleza jinsi filamu hizo zinavyofanya kazi, mahali zinapokwama, na wajibu wa katibu katika jambo hili.

KWA NINI VIJANA

Umri wa miaka 18 hadi 30 ndio umri ambao mtu huacha chungu cha mama yake na kuanza kujitegemea. Mmoja hupanga chumba mjini akiwa na jiko moja na sufuria mbili; mwingine huanzisha nyumba yake kijijini. Mazoea ya kula yanayojengwa wakati huo ni magumu kuvunjika baadaye.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400. Sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mwili hupata kutokana na chakula. Na ingekuwa bora zaidi isizidi nusu ya hapo, ambayo ni kama gramu 25. Soda nyingi zina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Kwa hiyo chupa moja ya mililita 350 peke yake imekwisha kuvuka kiasi hicho. Shinikizo la damu na kisukari havibishi hodi siku ile ile. Huja baada ya miaka mingi, wakati ambapo nguvu za mtu zinahitajiwa sana na familia yake na chama chake.

KWA NINI FILAMU

Kumwambia kijana "kula mboga" ni rahisi, lakini maneno hayo hayamwonyeshi mkono unavyofanya kazi. Filamu huonyesha. Mtazamaji huona mchicha ukioshwa kabla ya kukatwa, maji yakitiwa kidogo, mafuta yakipimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka chupani, na sufuria ikiepuliwa majani yakiwa bado na rangi yake. Huambiwa pia sababu: mafuta hayo kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A inayotokana na majani. Vivyo hivyo huona limau likikamuliwa juu ya maharage, akaelezwa kwamba ukali wa limau husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza faida hiyo.

Ipo sababu nyingine. Mwaka 1977 mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu akimwona mwenziwe anayefanana naye akilitimiza jambo, imani yake kuwa naye anaweza huongezeka. Mpishi wa hoteli mwenye vyombo ving'aavyo hampi kijana wa kijijini imani hiyo. Jirani yake anayepikia mafiga humpa.

KUTAZAMA SI KUPIKA

Hata hivyo, ieleweke kwamba filamu peke yake haitoshi. Filamu nyingi za mapishi zilizojaa katika simu zimetengenezwa ili zifurahishe au ziuze bidhaa. Mafuta mengi na sukari nyingi hupendeza machoni, na mtazamaji akimaliza moja huingia nyingine bila kushika mwiko.

Tanzania inalo somo lake la zamani kuhusu jambo hili. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza kwa redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kufuata. Kipindi kikiisha, wanakikundi walijadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Mwaka 1975 njia hiyo hiyo ilitumika katika kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe. Redio ilifungua somo tu. Kazi yenyewe ilifanywa na kikundi.

Miaka mingi baadaye, filamu nazo zilitumika kwa namna hiyo. Nchini India, shirika la Digital Green limekuwa likiwarekodi wanakijiji wenyewe kwa lugha yao. Filamu huonyeshwa kwa vikundi vya wanawake kwa projekta ndogo ya betri. Kiongozi huisimamisha katikati na kuuliza maswali, na baadaye wahusika hutembelewa majumbani. Utafiti uliofanywa kwa njia hiyo katika jimbo la Odisha, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika baadhi ya makundi yaliyotazama filamu za kilimo na lishe, mama na watoto walikula vyakula vya aina nyingi zaidi. Lakini upungufu wa uzito miongoni mwao haukupungua. Chama kipokee habari zote mbili: filamu inayojadiliwa inaweza kubadili kilichomo sahanini, lakini haiondoi umaskini wala maradhi.

NJIA YA KUFUATA

Chama kinachotaka kuanza hakihitaji mitambo ya gharama. Simu moja yenye kamera nzuri yatosha, mradi mambo yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, filamu iwe ya pishi moja na isizidi dakika tano. Mahitaji yawe yale yanayopatikana katika gulio la karibu: dagaa, choroko, matembele, viazi lishe, unga wa dona. Vipimo viwe vya kikombe na kijiko, maana wengi hawana mizani jikoni.

Pili, wapishi wawe vijana wanachama, wanaume kwa wanawake. Kijana wa kiume anayeishi peke yake ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kupika. Idhini ya kila anayerekodiwa ipatikane kabla ya kazi kuanza.

Tatu, maelezo yasomwe na afisa lishe wa halmashauri kabla ya filamu kuonyeshwa. Kosa dogo laweza kudhuru: kisamvu, kwa mfano, lazima kitwangwe na kupikwa hadi kiive kabisa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Filamu yoyote isidai kwamba chakula fulani huponya ugonjwa. Mwenye kisukari apelekwe kwa daktari.

Nne, filamu igawanywe kwa kadi ya kumbukumbu au kutoka simu hadi simu, ili mwanachama asilazimike kununua kifurushi cha intaneti. Bei za mahitaji zisitiwe ndani ya filamu, kwa kuwa hubadilika; zisomwe na kiongozi siku ya maonyesho.

Tano, maonyesho yafanywe kwa vikundi vya watu 15 hadi 20, na pishi lipikwe hapo hapo. Wiki mbili baadaye kikundi kikutane tena. Katibu aandike katika daftari nani amepika nyumbani, nani hakupika, na sababu yake. Ikiwa wengi hawakupika kwa kuwa maharage huchukua muda mrefu na kuni ni ghali, filamu ifuatayo ifundishe kuloweka maharage usiku kucha.

Daftari hilo ndilo litakalouonyesha mkutano mkuu kama fedha za elimu zimetumika vizuri. Idadi ya waliotazama haitoshi kuwa ushahidi, kwa maana picha hutazamwa hata na asiye na nia. Idadi ya waliopika, pamoja na sababu za walioshindwa, ni hesabu ambayo wanachama wanaweza kuikagua, kuijadili na kuitolea uamuzi, kama wanavyofanya kwa hesabu nyingine zote za chama chao.