Baiskeli ya Milima kwa Mtu Mzima Anayeanza

Pengine umekwisha kupita miaka 35 na hujapanda kinga hata siku moja. Usione haya. Huku Kasenga ya Uvira watu wengi wananiuliza, tena wengine ni wamama: "Mchungaji, siku hizi motari anamaliza pesa yote ya nyumba. Nataka baiskeli. Ninunue ya namna gani?" Wachimbaji wanaorudi kutoka Misisi na Kamituga nao wanauliza hivyohivyo, pesa ikiwa mfukoni, na hapo ndipo kuna hatari. Pesa ya shimo inatoka upesi. Ukinunua kinga mbaya, umetupa masomo ya mtoto ya miezi kadhaa, na bado utatembea kwa miguu.

Kwanza ujue ile baiskeli ya milima ni kitu gani. Haikuzaliwa katika kiwanda. Miaka ya 1970, huko California, Marekani, vijana walichukua baiskeli za zamani, nzito, zenye pine nene, wakashuka nazo Mlima Tamalpais. Mbio yao mojawapo waliyoanza mwaka 1976 waliita Repack, maana mteremko ulikuwa mkali hata grisi ya freni iliungua, na kila mara walipofika chini iliwapasa kuweka grisi mpya. Mwaka 1981 kampuni Specialized ilianza kuuza baiskeli ya namna hiyo, na mwaka 1996 ikaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Basi tangu mwanzo jambo kubwa la baiskeli ya milima ni freni. Rangi na vitesi vinakuja nyuma.

Nayasema haya sababu sisi wa Uvira tumebanwa kati ya ziwa na mlima. Ziwa liko karibu mita 774 juu ya bahari, na Mitumba nyuma ya nyumba zetu inapita mita 2,000. Ukitoka barabara kubwa mara moja unapanda mawe. Mvua ikinyesha, njia inageuka mto. Wote tunakumbuka Mulongwe ya Aprili 2020.

Sasa, sokoni utaona za namna mbili. Kuna ile nyeusi ya zamani, magurudumu makubwa ya inchi 28, vitesi hakuna, portabagaje ya nguvu: Phoenix ya China, Hero ya India. Hiyo usiidharau. Kama njia yako ni tambarare, tuseme kwenda Kavimvira ao Kiliba na mfuko wa unga, hiyo ndiyo yako, na kila fundi chini ya mti anaijua. Kuna tena zile zinazoitwa za milima, inchi 26, pine pana yenye meno, vitesi vingi. Kama unakaa juu, ao kazi yako iko kwenye machimbo, chukua hiyo. Lakini fungua macho: nyingi ni za milima kwa jina tu. Zina ressori mbele, zingine hata katikati ya kadre, zinang'aa sana. Ressori ya bei ndogo inaongeza uzito, inakula nguvu ya miguu yako, na ikiharibika fundi atakwambia tu "pole". Kwa mtu anayeanza nasema wazi: chukua isiyo na ressori yoyote. Freni za disiki vilevile uziache, kama hujaona kwa fundi wako vipande vyake vya kubadilisha. (Na zile nyembamba ulizoziona katika mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ni za lami, usizitamani.)

Baiskeli ya okazioni si vibaya, mara nyingi inapita mpya ya bei rahisi. Ila uende na sumaku, hata ile ya redio iliyokufa. Iguse kwenye duara la gurudumu mahali freni inapobana. Ikishika, ni chuma, na chuma ikilowa freni inateleza sana. Isiposhika ni alumini, hiyo nzuri. Halafu inua gurudumu, lizungushe: likiyumba kama mlevi, rayo zimelegea ao duara limepinda. Tazama kadre pale mabomba yanapokutana, chini ya gido hasa. Ukiona ufa ao welding mpya iliyopakwa rangi, sema asante, uende zako. Hata wakupunguzie nusu ya bei. Cheni nayo ipime kwa mita ya fundi wa nguo: vipande 24 vya cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.8 imekwisha, na pengine imekula meno pia.

Kipimo cha mwili wako kinapita uzuri. Simama juu ya bomba la kati, nyayo zote mbili chini. Kama bomba linakugusa, ni kubwa mno; lazima nafasi ya vidole vitatu ao vinne ibaki. Wamama wanaovaa kitenge watafute kadre iliyoshuka katikati. Na kama kuna mtu atakayecheka kwa kuona mama juu ya kinga, acha acheke, wewe unafika.

Usitoe pesa yote kwa baiskeli. Ukipokea likelemba yako, weka pembeni sehemu ya pompi, shambrere moja ya akiba, mipira ya freni, na mnyororo wenye kufuli.

Kujifunza sasa. Toa pedali zote mbili (ya kushoto inafunguka kinyume, usiilazimishe). Shusha kiti mpaka nyayo zikae chini kabisa. Tafuta mahali panapoteremka kidogo tu, sukuma kwa miguu kama mtoto, uache kinga iteleze. Siku ukiweza kuteleza bila kugusa chini, rudisha pedali. Macho yatazame mbali, si gurudumu.

Kuteremka mlima ni somo lingine. Bana freni zote mbili polepole, tangu juu, kiuno kikirudi nyuma. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, utaruka juu ya gido. Mteremko ukiwa mrefu simama, duara lipoe. Wale vijana wa Burundi wanaoshuka kutoka Bugarama na ndizi, halafu wanapanda tena wakishikilia malori, usiwaige. Hata Ngomo usiijaribu mwaka huu. Anza na vichochoro vya Kasenga, asubuhi na mapema, kabla moto hazijaamka, na kabla ya kila kushuka bana freni mara mbili ukiwa bado umesimama.