Jani changa la mwembe na jua lisiloonekana

Mwembe unapochipua, majani yake hayatoki ya kijani. Hutoka na rangi ya shaba au zambarau, yamelegea kama kitambaa kilicholowa, na hukaa siku kadhaa kabla ya kukakamaa na kugeuka kijani. Mkorosho nao una tabia hiyo. Utotoni nilidhani majani hayo yameungua na jua. Kumbe ni kinyume chake: yamevaa kinga.

Rangi ile huitwa anthosiani. Huenda ina kazi zaidi ya moja, ikiwemo kuwakatisha tamaa wadudu, lakini mojawapo inayotajwa sana ni kulikinga jani ambalo bado halijakomaa lisizidiwe na mwanga mkali, pamoja na mionzi ya urujuanimno.

Mionzi hiyo ni sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho la binadamu haliioni. Mawimbi yake ni mafupi, kati ya nanomita 100 na 400, na kadiri yanavyofupika ndivyo yanavyozidi kudhuru. Wataalamu wameigawa mafungu matatu. Fungu C, lililo kali kuliko yote, huishia angani. Fungu B huzuiwa kwa sehemu kubwa na ozoni, tabaka ambalo lingeshushwa lote hadi usawa wa bahari lingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Fungu A hutufikia karibu lote.

Kosa letu la kila siku ni kupima ukali wa jua kwa joto. Mionzi hii haina joto la kuhisiwa. Mkulima wa Njombe aliyejifunika koti kwa baridi anaweza kupigwa na urujuanimno mwingi kuliko anavyodhani, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mawingu mepesi nayo huipitisha kwa wingi. Kipimo cha kimataifa cha mionzi hii huanzia sifuri, na kikifika 11 huhesabiwa kuwa kimepita kiasi. Katika nchi za ikweta, namba hiyo mchana si ya ajabu hata kidogo. Asiye na kifaa atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, mionzi ni mikali.

Sasa rudi kwenye mmea, ambao hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Mionzi ya fungu B ikipenya ndani ya seli huigonga DNA, na mahali ambapo molekuli mbili za thimini zimekaa jirani, huzigandisha pamoja. Seli inapotaka kujinakili, hukwama hapo, au hunakili kwa makosa. Usanisinuru hupungua na jani hudumaa.

Lakini mmea haukai ukisubiri kuumia. Seli zake zina protini iitwayo UVR8, ambayo mwaka 2011 watafiti walithibitisha kuwa ndiyo inayohisi mionzi ya fungu B. Ikiguswa na mionzi, huamsha jeni zinazotengeneza flavonoidi, kemikali ambazo hujazwa kwenye ngozi ya juu ya jani. Hapo hunasa urujuanimno na kuuacha mwanga wa kupikia chakula upite. Mionzi ikipenya kinga hiyo kwa bahati mbaya, mmea una fundi: kimeng'enya cha fotolaizi, kinachoiachanisha thimini iliyoganda kwa kutumia nguvu ya mwanga wa buluu. Jua lile lile linalobomoa ndilo linalomlipa fundi. Bakteria wanacho kimeng'enya hiki, samaki wanacho, hata kangaruu. Sisi mamalia wenye kondo la nyuma tulikipoteza njiani, tukabaki na njia nyingine ya ukarabati, iliyo ndefu zaidi.

Wenye vitalu vya miche wanaijua habari hii kwa mikono. Mche wa nyanya uliolelewa chini ya kivuli au nailoni, ukitolewa ghafla shambani saa sita mchana, hubabuka na kuwa mweupe. Haujawahi kukutana na jua kamili, hivyo haukujitengenezea kinga ya kutosha. Ndiyo maana huzoeshwa jua kidogo kidogo kwa wiki moja hivi, kisha huhamishwa jioni.

Wanyama nao wana mbinu zao. Kiboko hutoa majimaji mekundu ambayo watu huyaita jasho la damu; si damu, ni rangi inayonyonya urujuanimno na pia kuzuia bakteria. Nyuki yeye huutumia. Ua la alizeti tunaloliona la njano tupu, kwake lina duara jeusi katikati, kwa kuwa sehemu ya ndani ya petali hunyonya mionzi ambayo ncha zake huirudisha. Duara hilo huchorwa na flavonoidi.

Kwa binadamu, kinga ni melanini. Ngozi nyeusi haimalizi madhara yote: haiyakingi macho, na wavuvi na waendesha bodaboda wanaokaa juani miaka mingi wamo katika hatari ya kuota kinyama jichoni na kupata mtoto wa jicho. Tena jua si adui tu, kwani fungu B ndilo linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D.

Mwenye ualbino ndiye aliye karibu zaidi na ule mche uliotolewa kitaluni. Ngozi yake ina melanini kidogo mno, lakini, tofauti na mche, yeye hazoei jua hata akae miaka. Kila siku ya jua huongeza madhara, na saratani ya ngozi huweza kumpata akiwa bado kijana. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Losheni husaidia, ila haitoshi peke yake bila kofia pana, mikono mirefu na kivuli.

Basi mwalimu mwenye mwanafunzi mwenye ualbino, mruhusu avae kofia hata kama haimo kwenye sare, msimamishe chini ya mti wakati wa mstari, na kipindi chake cha michezo kisiangukie kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.