Asili ya Neno "Labda"

Miongoni mwa vielezi vya Kiswahili vitumikavyo kila siku, labda ni kimojawapo kilicho chepesi mno mdomoni. Msemaji hukitumia anapodhani jambo bila ya kuwa na hakika nalo. Hata hivyo, asili ya neno hili ni kinyume cha maana yake ya leo.

Labda limetokana na maneno mawili ya Kiarabu, la budda. La ni kikanushi, na budd ni njia ya kuepukia. Kwa pamoja yana maana ya "hakuna njia ya kuepuka", yaani jambo ni la lazima. Katika karne ya 19 neno hili liliandikwa pia labuda. Siku hizi irabu ya kati imedondoka.

Kiswahili kiliukopa usemi huo kwa njia mbili. Kwanza, uliingia mzima ukawa labda. Pili, liliingia neno budi peke yake, na ukanushi ukafanywa na Kiswahili chenyewe: sina budi, hatuna budi, hapana budi. Ndiyo sababu budi kwa kawaida haliendi bila ya kikanushi. Hivyo labda na hapana budi ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja ameshika shaka na mwingine ameshika lazima.

Maana iligeukaje? Mtu aonapo taa inawaka nyumbani kwa jirani yake husema, "Bila shaka amerudi." Kama angemwona kwa macho, angesema tu, "Amerudi." Neno la uhakika limetumika kukisia kwa dalili. Litumikapo hivyo mara nyingi, nguvu yake hupungua. Yaelekea labda lilipita njia hiyo. Katika Kiingereza nako, doubtless, ambalo kwa asili ni "bila shaka", aghalabu humaanisha "yaelekea".

Tofauti baina ya ndugu hawa wawili si ya sarufi peke yake. Inagusa maisha ya watu. Mfano mzuri ni delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako wenyeji huishi baina ya maji ya aina mbili.

Maji ya kwanza ni ya bahari. Kujaa na kupwa kwake hufuata mwendo wa mwezi na jua. Bahari hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Jedwali la mwaka mzima huweza kutayarishwa mapema. Basi nahodha aliyeko Nyamisati, akingoja kuvuka kwenda Mafia, husema kwa haki, "Maji hayana budi kujaa."

Maji ya pili ni ya mto. Hayo hutegemea mvua zinyeshazo mbali, hasa katika bonde la Kilombero. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba na makazi ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti. Utabiri wa mvua hauwezi kusema hapana budi, husema labda.

Lakini labda halina kipimo. Uwezekano wa 1 katika 10 na uwezekano wa 8 katika 10 huitwa kwa neno lile lile, ilhali mkulima wa mpunga anatakiwa kuamua kama atabaki shambani au atahamisha watoto na chakula. Akiambiwa labda tu, hujichagulia kipimo chake mwenyewe, na huenda akachagua kidogo kuliko inavyostahili. Ndiyo maana sayansi huliongezea neno hili tarakimu.

Kwa hiyo mwanafunzi akutanapo na labda, katika taarifa ya hali ya hewa au katika ripoti yake mwenyewe ya maabara, hana budi kuuliza mambo mawili: labda kwa kiasi gani, na kwa dalili ipi?