Majina ya Marehemu Wetu: Namna ya Kuutafuta Ukoo na Kuuandika



Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, bahasha za nia za misa hujaa katika ofisi za parokia zetu. Ukizisoma utaona zinafanana. Kwanza huja jina la baba au mama, kisha kaka aliyefariki kwa ajali, kisha babu na bibi. Baada ya hapo mwandishi huishiwa majina na kuandika: "na marehemu wote wa ukoo." Misa hiyo ni halali kabisa, na Mungu anawajua wote kwa majina. Ila sisi hatuwajui. Babu yake babu, yule aliyemleta mtoto wake kubatizwa wakati kijiji kizima kilikuwa bado kinajiuliza kama wageni hawa ni watu wema, amekwisha kuingia kwenye neno "wote."

Sisi wanafunzi wa falsafa tunakutana na jambo hili darasani kupitia John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, anaeleza kwamba kwa jamii nyingi za Kiafrika mtu aliyekufa anabaki katika Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, kwa vizazi vinne au vitano hivi. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Mawazo ya Mbiti juu ya wakati yamebishaniwa sana, na ubishi huo tuuache darasani. Tunachokiona sisi ni kwamba siku hizi vizazi vinne ni vingi mno. Mtoto aliyekulia mjini, anayefika kwa bibi Krismasi moja kati ya tatu, anaishia kwa babu tu.

Sababu moja iko katika historia ya nchi yetu. Zamani kaburi lilikuwa nyumbani, migombani au chini ya mti, na mtoto aliyetumwa kuchota maji alipita hapo akaambiwa nani amelala pale. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 familia nyingi zilihamishiwa vijiji vipya, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Majina yakakosa mahali pa kukaa isipokuwa vichwani mwa wazee.

Kwa hiyo utafiti uanzie kwa wazee, na uanze mapema, maana kitabu cha parokia kinaweza kusubiri mwaka mwingine lakini bibi wa miaka 88 hasubiri. Usimwendee na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Mwamkie, kaa, saidia kuchambua maharage, kisha mwombe akusimulie alivyoolewa. Harusi huleta majina mengi: nani alipeleka posa, mahari ilikuwa nini, nani alikataa kuja. Mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu kabla hujabonyeza. Tena msisahau shangazi. Katika koo nyingi yeye ndiye anayejua nani ni nani, kwa sababu ndiye anayeitwa kwenye kila posa na kila msiba.

Kuuliza "mwaka gani?" mara nyingi hakuleti kitu. Uliza kabla au baada ya nini. Vita vya Majimaji vilikuwa 1905 hadi 1907, njaa ya Mtunya kule Ugogo ilianza 1917, Uhuru wa Tanganyika ni Desemba 1961, Vita vya Kagera 1978 na 1979. Mzee akikwambia alikuwa anachunga mbuzi bendera ilipopandishwa, umepata umri wake kwa kukadiria. Majina yenyewe nayo yanasema. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni yule anayezaliwa baada yao. Ukikuta Shija kwenye orodha isiyo na mapacha, uliza tena, huenda kuna watoto wawili waliokufa wachanga ambao hakuna aliyewataja.

Kuna mtego mwingine ndani ya lugha yetu. Baba mdogo ni baba, mtoto wake ni kaka, na mzee yeyote ni babu. Undugu huu ni mzuri na hatuutetei hapa wala kuupinga, lakini kwenye mchoro wa ukoo unavuruga. Uliza wazi: tumbo moja? Baba mmoja? Ukipata jibu, mwulize mzee mwingine peke yake, siku nyingine. Wakitofautiana andika yote mawili, kila moja na jina la msemaji, wala usijifanye hakimu.

Utakuta pia kwamba "mwana wa" huruka watu. Hata Injili inafanya hivyo. Mathayo anapoandika kwamba Yoramu alimzaa Uzia, amewaruka Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao wametajwa katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 3. Hakuwa anadanganya, alipanga vizazi kumi na vinne mara tatu, na "kuzaa" kwake kulimaanisha kuwa chanzo cha ukoo. Wazee wetu nao humtaja mwenye jina kubwa na kuwaruka wasiokuwa na habari. Ukiona kati ya babu na mwanawe ipo miaka tisini, kuna mtu amerukwa.

Sasa twende kwenye vitabu vya parokia, hazina ambayo waamini wengi wanaijua siku ya kutafuta cheti tu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa na aandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Leo kanuni ya 535 inadai vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na inaagiza vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 877 inataka paroko aandike jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa. Kipaimara, ndoa, upadre na nadhiri za daima huongezwa pembeni mwa jina lilelile. Mstari mmoja unaweza kukusimulia maisha ya mtu mzima.

Tunachokipenda zaidi ni safu ya wazazi. Mtu mzima aliyebatizwa zamani mara nyingi aliandikwa pamoja na baba na mama ambao wenyewe hawakuwahi kubatizwa. Hivyo mzee aliyekufa katika dini ya jadi, asiye na cheti chochote, jina lake limo katika kitabu cha Kanisa. Ukilipata, liandike kwenye bahasha ya Novemba.

Vitabu vya zamani vina Kilatini: filius ni mwana, patrinus ni msimamizi, obiit ni alifariki. Hapo mseminari anaweza kuwa msaada kwa familia yake. Angalia pia tahajia: Wajerumani waliandika Muansa kwa Mwanza na Kilimandscharo kwa Kilimanjaro, basi jina la babu yako nalo huenda limevaa herufi za kigeni. Lisome kwa sauti, sikio litalitambua. Ukiwa na cheti cha zamani, tafuta namba inayofuata herufi LB, yaani Liber Baptizatorum. Inampunguzia katekista au karani kazi ya siku nzima. Omba kwa adabu. Kanuni ya 487 inakupa haki ya kupata nakala ya hati inayohusu hali yako mwenyewe, lakini haikupi ruhusa ya kupiga picha kurasa za majirani.

Kazi hii ina faida hata kwa walio hai. Kwa kanuni ya 1091, ndoa kati ya ndugu wa damu wa pembeni ni batili hadi daraja la nne, yaani hadi watoto wa ndugu wawili, kama hawakupewa ruhusa maalumu. Koo zetu nyingi hukataza mbali zaidi ya hapo. Vijana wawili waliokutana chuoni, kila mmoja akiwa na jina la ubini tofauti, wanaweza kugundua undugu wao wakati matangazo ya ndoa yameshasomwa na kamati imeshachangisha.

Inabaki siri, na kila ukoo unazo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mwanamke aliyefukuzwa, babu aliyekuja akiwa mtumwa. Wapo ambao ukoo wao unaanzia misheni, kama wale waliokombolewa utumwani na kulelewa Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Nyuma ya jina la ubatizo hakuna kitu. Kwa maoni yetu, waliokufa zamani waandikwe kwa ukweli. Mathayo hakumficha Tamari, wala Rahabu, wala yule aliyekuwa mke wa Uria. Lakini siri inayomgusa mtu aliye hai ni mali yake, na mwenye kuitangaza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp anafanya kosa la kumvunjia mtu heshima, hata kama kila neno ni kweli.

Yote yaandikwe kwenye daftari gumu kwa wino, kwa sababu simu huibwa na namba za siri husahaulika. Toa nakala tatu: moja kijijini kwa yule asiyehama, moja mjini, moja kwa shangazi. Sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe mahali pawili. Kila ukurasa uwe na tarehe na jina la aliyesimulia, na ubaki wazi upande mmoja kwa atakayekuja kusahihisha. Likizo ya Juni haiko mbali. Chaji simu kabla ya kuondoka, maana kwa bibi wengine umeme ni wa jua na jua lenyewe Juni ni la kuvizia.