Presha, maradhi yasiyopiga hodi

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie maradhi ambayo ni nadra leo kukuta ukoo katika miji yetu usio na mgonjwa wake. Nayo ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha.

Twaanza na dhana iliyoenea mno. Utamsikia mtu mzima, tena mwenye busara zake, akisema: "Mimi presha yangu naijua, ikipanda kichwa huniuma." Siku ambazo kichwa hakimuumi, basi yeye ni mzima na vidonge hubaki kabatini. Hakika ya mambo ni kwamba presha kwa kawaida haina maumivu, wala kizunguzungu, wala dalili yoyote. Mtu huweza kukaa nayo miaka 10, akaswali, akafanya biashara zake, akacheka na wajukuu, na ndani ya mwili mishipa, moyo na figo vinaharibika kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana maradhi haya, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo.

Moyo ni pampu. Kila unapojikamua husukuma damu katika mishipa, na nguvu ya damu hiyo kwenye kuta za mishipa ndiyo namba ya juu tunayosomewa zahanati. Moyo unapopumzika kabla ya pigo jingine hupatikana namba ya chini. Kipimo cha 120 kwa 80 ni kizuri. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena katika siku zaidi ya moja, daktari huhesabu kuwa ni maradhi. Na kwa kuwa tumetaja mwendo wa damu, si vibaya vijana wetu wakajua kwamba Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefanya kazi zake Misri na kufariki mwaka 1288, aliandika jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni na kurejea upande wa kushoto, karne nyingi kabla ya jambo hilo kufundishwa Ulaya. Kifaa cha kufunga mkononi kilikuja baadaye sana, mwaka 1896, kwa kazi ya daktari wa Italia aitwaye Scipione Riva-Rocci.

Hata kifaa kilipopatikana, dawa hazikuwepo. Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani, aliyezungukwa na madaktari wa nchi yenye nguvu kuliko zote, alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa mshipa kupasuka ubongoni, na kipimo chake siku ile kilisomeka 300 kwa 190. Vidonge ambavyo leo mama wa kawaida hupewa katika kituo cha afya, Roosevelt hakuvipata kwa sababu havikuwa vimegunduliwa. Dawa ya kwanza nyepesi ya kukojosha kwa ajili ya presha ilianza kutumika mwaka 1958. Tunalitaja hili kwa sababu wapo kati yetu wanaovitupa.

Wala tusidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Utafiti uliofanyika nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika sehemu ya Dar es Salaam na wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha umri, kiharusi kiliwapata watu zaidi ya 300 katika kila 100,000 kwa mwaka upande wa Dar es Salaam, na zaidi kidogo ya 100 upande wa Hai. Kiwango hicho cha mjini ni miongoni mwa vikubwa vilivyopata kuandikwa duniani. Na chanzo kikuu cha kiharusi ni presha isiyotibiwa.

Basi kupima ndiyo njia pekee ya kujua, na kupima kuna adabu zake. Mtu aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu miwili iko chini bila kupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na asiwe amebanwa na haja ndogo. Asizungumze. Aliyeshuka katika daladala, akapanda ngazi mbio, akapimwa juu ya mkono wa shati nene huku akisimulia habari za msiba, namba yake haina maana kubwa.

Sasa tuje jikoni, na hapa tunaomba akina mama na akina dada watustahimilie, maana wanaodai chumvi mezani mara nyingi ni sisi wanaume. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote vya kutwa. Wengi hudhani chumvi ni ile tu inayotiwa kwa mkono. Lakini imo katika ng'onda na papa mkavu, imo katika dagaa waliotiwa chumvi, katika achari, katika mkate wa dukani, na kwa wingi katika vile vipande vya supu na unga wa viungo vya pakiti ambavyo siku hizi hutiwa katika kila mchuzi. Magadi nayo, tunayotia ili maharage yaive upesi au mlenda ulainike, yana sodiamu ileile inayopandisha presha, ingawa ulimi hauionji kama chumvi. Mpishi wa pilau hatapoteza sifa yake akiongeza bizari, mdalasini na hiliki na kupunguza chumvi kwa robo. Baada ya wiki chache ulimi huzoea. Ndimu husaidia sana. Ng'onda akirowekwa na maji kumwagwa mara mbili hupungua makali, japo hageuki kuwa samaki mbichi.

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, tunayasikia mimbarani kila mara, kisha twatoka kwenda kwenye sinia. Unene ni mshirika mkubwa wa presha. Kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku nyingi za wiki hushusha kipimo, na mwenye kwenda msikitini kwa miguu badala ya pikipiki amekwisha kupata sehemu ya dawa yake.

Kuhusu vidonge, tatizo kubwa tunaloliona ni watu kuacha wanapoambiwa presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu ya vidonge. Vikikatwa, hupanda tena. Wengine huacha kwa sababu miguu imevimba, jambo linaloweza kuletwa na amlodipini, au kwa kikohozi kikavu kinacholetwa na dawa za aina nyingine. Mwenye shida hiyo arudi kwa daktari abadilishiwe, kwani dawa zipo za aina nyingi. Habbat soda na kitunguu saumu hatuvidharau, lakini havichukui nafasi ya kidonge, na daktari aambiwe kama vinatumika. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wetu hununua kwa ajili ya magoti, zikitumika mfululizo huweza kuipandisha presha na kuumiza figo.

Ramadhani ina mazungumzo yake. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia kwa kawaida huweza kufunga, na dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Anayetumia dawa za kukojosha anahitaji uangalifu zaidi siku za joto, asije akaishiwa maji. Haya yapangwe na daktari mwezi wa Shaabani, kila mtu kwa hali yake. Kupimwa kwa kifaa cha mkononi hakubatilishi saumu, kwa hiyo isiwe sababu ya kukosa kliniki mwezi mzima. Na yule ambaye daktari amemkataza, Qur'ani katika Suratul Baqara imempa ruhusa. Atalipa siku nyingine akipona, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Kumsema mgonjwa wa namna hiyo barazani ni dhulma.

Mama mjamzito hatumtii katika hesabu hizi. Akiumwa kichwa sana, akaona ukungu machoni, au uso na mikono kuvimba ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kifafa cha mimba huua mama na mtoto.

Limebaki la kiharusi. Uso ukapinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki: katika nyumba zetu wa kwanza kuitwa mara nyingi ni mtu wa kutoa upepo mbaya, na mgonjwa hufikishwa hospitali siku ya tatu. Dua ni silaha ya Muumini, nayo husomwa hata ndani ya gari likielekea hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Asipewe aspirini nyumbani kabla ya picha hiyo. Asinyweshwe maji wala uji, hata akiomba, maana koo huenda limepooza na atapaliwa. Alazwe ubavu, na anayemsindikiza achukue vidonge vyote alivyokuwa akitumia pamoja na saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa mlangoni.