Gitaa la chuma la pedali katika tamthilia za muziki

Gitaa la chuma la pedali ni ala ya nyuzi yenye umbo la meza nyembamba iliyosimama juu ya miguu minne. Mpigaji huketi nyuma yake na kutumia mikono, nyayo na magoti kwa pamoja. Hujulikana zaidi katika muziki wa kantri wa Marekani. Barani Afrika lilisikika hasa Nigeria, ambako Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé. Hutumika pia katika tamthilia za muziki, yaani michezo ya kuigiza ambayo wahusika wake huzungumza na kuimba jukwaani. Huko ni ala adimu, na mara nyingi nafasi yake huchukuliwa na gitaa la kawaida au kinanda cha umeme.

Neno "chuma" katika jina lake halihusu mwili wa gitaa, ambao kwa kawaida huwa na sehemu kubwa ya mbao. Linahusu kipande cha chuma kilicholainishwa ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi.

Historia

Wengi hudhani kwamba ala hii ilitoka kwenye bendi za kantri ndipo ikaingia ukumbini. Kwa kweli ukumbi wa maonyesho ulitangulia. Upigaji wa gitaa kwa kutelezesha chuma ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na sifa ya kuuanzisha hupewa Joseph Kekuku, mzaliwa wa kisiwa cha Oahu. Mwaka 1912 mchezo wa The Bird of Paradise, ulioandikwa na Richard Walton Tully, ulifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York. Ndani yake walikuwemo wanamuziki wa Hawaii waliopiga jukwaani. Mchezo huo ulizunguka miji mingi, na Wamarekani wengi walilisikia gitaa hilo kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Baadaye Kekuku mwenyewe alisafiri Ulaya na onyesho hilohilo.

Gitaa la wakati huo lililazwa mapajani na halikuwa na pedali. Pedali zilikuja baadaye, na mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly" ulibadilisha mambo. Humo Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zikiendelea kulia, hivyo msikilizaji akasikia noti ikipanda ndani ya sauti nyingine zilizotulia. Wapigaji wengine wakaharakisha kuongeza pedali kwenye magitaa yao.

Namna linavyofanya kazi

Gitaa la kawaida la aina hii lina nyuzi 10, pedali tatu au zaidi, na nyenzo kadhaa zinazosukumwa kwa magoti. Lenye shingo mbili huwa na nyuzi 20. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali za kubadilisha noti, na wa kulia hukaa kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha siri yake. Katika upangaji wa nyuzi uitwao E9, uzi wa 4, wa 5 na wa 6 zikipigwa wazi hutoa noti E, B na G#. Noti hizo kwa pamoja ni kodi ya E meja. Pedali ya kwanza hupandisha B iwe C#, na ya pili hupandisha G# iwe A. Mpigaji akizikanyaga zote mbili, noti ya E inabaki palepale, lakini kodi imekuwa A meja, na mkono wa kushoto haujasogea hata kidogo. Noti moja inasimama, nyingine mbili zinapanda polepole kuifuata. Hiyo ndiyo sauti ambayo wasikilizaji huifananisha na kilio cha mtu.

Kinanda cha umeme huigiza sauti hiyo kwa shida. Gurudumu lake la kupindisha noti kwa kawaida hupindisha noti zote pamoja, nalo gitaa la kawaida lenye kipande cha kutelezesha lina upungufu huohuo. Kwa hiyo mtayarishaji anayebana matumizi kwa kuweka kinanda hupata mtelezo lakini hukosa mwendo wa noti moja dhidi ya nyingine. Katika mchezo kama Always... Patsy Cline wa Ted Swindley, kasoro hiyo huonekana mapema. Gitaa hili limo katika bendi ya mchezo huo, na watazamaji wengi wanazijua rekodi za Patsy Cline kwa moyo, ukiwemo wimbo "I Fall to Pieces" wa 1961 ambao Ben Keith alipiga gitaa la pedali.

Kazi ya mpigaji ukumbini

Mpigaji wa kantri kwa kawaida hujifunza kwa kusikiliza, na akiwa studio hutumia namba badala ya noti: 1, 4, 5. Ukumbini hukabidhiwa karatasi za noti, na kila kitu lazima kitokee mahali palepale kila usiku. Tatizo ni kwamba noti moja hupatikana katika nyuzi na sehemu kadhaa za shingo, na karatasi haisemi ni wapi pa kuichukua. Mtunzi asiyeijua ala hii huweza kuandika noti nne ambazo hakuna pedali wala goti linaloweza kuzikutanisha. Ndiyo maana baadhi ya karatasi huonyesha majina ya kodi tu na kumwachia mpigaji kazi iliyobaki.

Macho nayo yana kazi tatu. Shingo ya gitaa hili ina mistari iliyochorwa tu, haina freti za kuzuia uzi, hivyo chuma kikikosea kwa milimita chache noti inapotoka. Mpigaji hana budi kuiangalia shingo, karatasi na kiongozi wa okestra kwa wakati mmoja, tena katika mwanga hafifu. Wengi huhifadhi kichwani vipande vigumu ili macho yabaki kwenye shingo.

Sauti ya gitaa hili hukaa karibu na sauti ya mwimbaji, kwa hiyo desturi ni kunyamaza anapotamka maneno na kujibu anapovuta pumzi. Maneno ya kawaida yakisemwa juu ya muziki, mguu wa kulia ndio unaoamua kama mtazamaji ataelewa hadithi au la.

Yapo pia matatizo ya ukumbi wenyewe. Mitambo ya kupunguza mwanga wa taa huweza kuleta mvumo kwenye vinasa sauti vya gitaa. Joto la taa na ubaridi wa kiyoyozi hubadilisha nyuzi, na si nyuzi 10 tu zinazorekebishwa, kwani kila badiliko la pedali lina marekebisho yake. Aidha, gitaa lenye shingo mbili likiwa ndani ya sanduku lake huweza kuzidi kilo 30, na shimo la okestra mara nyingi ni finyu.

Oklahoma! ya 2019

Mfano maarufu wa karibuni ni Oklahoma! ya Rodgers na Hammerstein. Ilipofunguliwa mwaka 1943 ilikuwa na okestra ya wanamuziki zaidi ya 20. Mwongozaji Daniel Fish alipoirudisha Broadway mwaka 2019, Daniel Kluger aliupanga upya muziki wake kwa bendi ya watu saba, gitaa la pedali likiwemo pamoja na banjo, mandolini, fidla na akodiani. Bendi iliketi mbele ya macho ya watazamaji. Onyesho hilo lilishinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki iliyorudishwa jukwaani.

Broadway huwa na maonyesho manane kwa wiki, kwa hiyo kila kiti cha bendi huhitaji watu wa akiba wanaokijua kikamilifu. Kwa fidla hao hupatikana kwa urahisi. Kwa gitaa la pedali anatakiwa mtu anayesoma noti, anayeijua kantri na aliye tayari kukaa kimya kwa dakika nyingi akisubiri noti nne.