Unga wa Neno la Siri

Tuwachukue walimu wawili wa mfano, mmoja wa Mbagala wilayani Temeke, mwingine wa Kawe wilayani Kinondoni. Wote huingiza alama za mitihani katika hifadhidata moja inayotunzwa na programu ya MySQL, na wote, pasipo kujuana, wamechagua neno moja la siri: simba1936. (Wa yanga1935 nao wasicheke, hali yao ni ile ile.)

Seva njema haliandiki neno hilo lilivyo. Hulisaga kwa kanuni ya hesabu, kama mashine isagavyo mahindi, na kuhifadhi unga tu. Mwalimu arudipo, neno alilotaja husagwa upya na unga ukalinganishwa. Mwizi wa unga hawezi kuurudisha kuwa mahindi. Lakini aweza kusaga mamilioni ya maneno ya kubahatisha katika kompyuta yake, hadi apate unga unaofanana.

Kinu cha kale, kilichokuja na toleo la 4.1 mwaka 2004 na baadaye kikaitwa mysql_native_password, kilisaga mara mbili tu kwa kanuni ya SHA-1. Unga wa Mbagala na wa Kawe ulitoka sawasawa, herufi kwa herufi. Aliyegundua neno la mmoja amekwisha kulipata la mwenzake. Yashangaza, kwani dawa ilijulikana tangu 1979, Robert Morris na Ken Thompson walipoeleza jinsi ya kutia chumvi katika maneno ya siri ya Unix.

Kinu kipya, caching_sha2_password, kilifanywa cha kawaida katika toleo la 8.0 mwaka 2018. Hicho humtilia kila mtumiaji chumvi yake, baiti 20 zisizotabirika, kisha husaga kwa SHA-256 mizunguko 5,000, isipokuwa mtunza seva ameiongeza. Unga wa walimu wetu haufanani tena, na mwizi hulazimika kumshughulikia kila mmoja peke yake, polepole. Hata hivyo, chumvi haimfai sana aliyechagua simba1936: neno hilo litakuwa miongoni mwa ya kwanza kujaribiwa.

Kinu cha kale kiliondolewa kabisa katika toleo la 9.0, mwaka 2024. Shule itakayohamia huko bila kubadili akaunti zake itawakuta walimu wamefungiwa nje, alama zikiwa ndani. Wala mtunza seva hawezi kuuhamisha unga wa zamani kimyakimya; kinu kipya chadai mahindi yenyewe, na hayo wanayo walimu tu.